Senga Aliyekimbia Klauni

Kanisani kwetu, mtu akisimama kutoa ushuhuda, watu hukaa mkao wa kusikia mazito: pombe, uchawi, ndoa iliyovunjika, maradhi yaliyowashinda madaktari. Mimi sijawahi kusimama. Nikijifikiria nimeshika maikrofoni mbele ya wazee wa kanisa, natamka kwamba kwa miaka mingi nilikuwa namwogopa klauni, yule mtu wa pua nyekundu anayewachekesha watoto, naona hata mchungaji akiuma midomo asicheke. Basi ushuhuda wangu nauandika hapa, mahali ambapo sitawaona mkicheka.

Na kucheka ni haki yenu. Kampala ni mji wenye mambo ya maana ya kumtisha mtu mzima: boda boda inayopanda njia ya waenda kwa miguu, mafuriko ya Bwaise, mwenye nyumba mwisho wa mwezi, wezi wa simu kwenye foleni. Hayo yote nimeyazoea. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea ghorofani karibu na Kiyembe, na siku yoyote naweza kubishana na mwenye jengo asubuhi na mteja asiyelipa jioni, nikalala usingizi mzuri. Lakini nilikuwa nikiona wigi la rangi ya chungwa upande wa pili wa barabara, magoti yanaisha nguvu, viganja vinalowa, masikio yanaziba. Nilishawahi kushuka kwenye teksi iliyokwama kwenye foleni Jinja Road, nauli nimekwisha kulipa, kwa sababu lori la promosheni lilisimama kando yetu na mchezaji mmoja aliyejipaka uso alikuwa anatupungia mkono dirishani.

Msidhani Kampala haina wachekeshaji wa namna hiyo. Pita Jumamosi Ntinda, Muyenga au Naalya, kwenye zile bustani zinazokodishwa kwa sherehe. Utaliona kasri la hewa limevimba pembeni, meza ya keki, na jamaa mwenye uso mweupe anasokota maputo marefu yawe mbwa na panga. Desemba wanasimama milangoni mwa maduka makubwa. Na KCCA ilipoanzisha tamasha la jiji mwaka 2012, Oktoba ilipata siku yake ambayo katikati ya mji palijaa watu waliojipamba nyuso, wengine wakitembea kwa mironjo, vichwa vyao vikiwa sawa na madirisha ya ghorofa ya kwanza. Siku hiyo mimi sikuwa nikifungua kazi.

Gharama kubwa ilikuwa ya nyumbani. Watoto wa kaka yangu waliniita Senga anayekimbia klauni, na jina likanata. Hapa kwetu senga si shangazi wa kupiga picha tu. Ndiye anayekaa na binti kumweleza mambo ambayo mama yake hawezi kumweleza, ndiye anayesimama naye hadi siku ya ndoa. Sasa senga gani anayekuja na zawadi ya siku ya kuzaliwa asubuhi, kabla ya wageni, kisha anatoweka wageni wakianza kuingia? Wifi yangu aliamini kwa muda mrefu kwamba sipendi chakula chake.

Nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa polisi, mtu wa upande wa Mbale, na pale kambini watoto wa kila kabila tulikutana kwenye Kiswahili, kama ilivyo katika kambi za Uganda tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni. Tuliishi kwenye vile vijumba vinavyoitwa mama ingia pole, ambavyo mtu mnene huingia kwa upande. Chini ya kambi palikuwa na kibanda cha video: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, jenereta inayonguruma nyuma, na VJ aliyezigeuza sinema za Marekani kuwa Kiganda huku akitia chumvi yake. Kaka zangu walinipenyeza humo. Ndimo nilimomwona Pennywise.

Riwaya ya Stephen King iitwayo It ilitoka 1986, ikatengenezwa kuwa filamu ya televisheni mwaka 1990, na miaka kadhaa baadaye kanda yake ikafika kwetu ikiwa imechakaa, ina mistari mistari. Klauni amekaa ndani ya mtaro wa maji ya mvua, anamwita mtoto. VJ alimpa Kiganda cha kubembeleza, cha mjomba aliyeleta peremende. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa natazama mtaro. Kampala ni mji wa mitaro. Mvua ikinyesha Nsambya, maji yote yanateremka kwa kishindo kuelekea mfereji wa Nakivubo, na njia yangu ya shule ilivuka mmoja wa mitaro hiyo juu ya ubao.

Mtu angesema kisa kimeishia hapo: sinema mbaya, mtoto mdogo. Lakini kaka zangu waliitazama kanda ile ile kwenye benchi lile lile, nao walitoka wakimwigiza. Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, kule Uingereza, nilishika kalamu. Watafiti hao waliwauliza watu 987 kutoka nchi 64. Zaidi ya nusu walikiri kwamba wanamwogopa klauni kwa kiasi fulani, na watu 5 katika kila 100 walisema wanamwogopa mno. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2023 kuhusu chanzo cha hofu hiyo ndiyo yaliyonigusa. Waliosema waliwahi kutendwa vibaya na klauni hawakuwa wengi. Sinema zilikuwa na sehemu yake. Iliyotajwa zaidi ni rangi: kwamba rangi ile inaficha kile mtu anachohisi, usijue kama amefurahi, amekasirika au anakupimia.

Niliposoma hivyo nilimkumbuka mtoto wa baba mkubwa. Mwaka wake wa imbalu ulipofika, maana kwa Wagisu, kabila la baba, tohara hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, tulisafiri wote kwenda Bugisu. Alicheza kwa siku kadhaa, ngoma za kadodi mbele na nyuma, amepakwa chachu ya wimbi usoni na mwilini hadi akawa mweupe wa kijivu. Siku yenyewe alisimama uani kwa baba yake, wima, macho mbele, hapepesi, na uso wake haukusema neno lolote. Hiyo ndiyo sheria ya imbalu. Nilikuwa mdogo, nimeminywa katikati ya watu wazima, na nilimtazama mwanzo hadi mwisho bila woga. Kwa nini? Uso umepakwa, uso haubadiliki, tena kuna kisu! Jibu langu ni kwamba pale uani kila mtu alijua kilichokuwa nyuma ya ule weupe. Maumivu yanakuja, yeye anajua, sisi tunajua, anayafunika kwa heshima yake na yetu. Klauni anafunika kitu nisichokijua. Uso wake unasema furaha saa tisa mchana na unasema furaha saa kumi na mbili jioni, amelipwa au amedhulumiwa.

Kujua hivyo hakukuniponya. Watu wenye elimu hupenda kudhani ukiisha kulieleza jambo limekwisha. Mimi nililieleza vizuri kabisa na bado nilikuwa navuka barabara kukwepa wigi.

Niliombewa, na maombi yalinipa utulivu wa kwenda kutafuta msaada, sitayadharau. Lakini wapo waliotaka kunitibu kwa nguvu. Ndugu yangu mmoja aliamini kwamba woga huondoka ukishtuliwa vya kutosha, kama kwikwi. Krismasi moja akaingia chumbani na kinyago cha plastiki wakati nanyoosha nguo kwa pasi ya mkaa. Kovu liko hapa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mzazi mwenye mtoto anayelia mbele ya klauni, huku wewe unamsukuma kwa mgongo ili upate picha: mwache mtoto. Hujui anachojifunza wakati huo, na si unachotaka ajifunze.

Aliyenisaidia alikuja kwa njia ya kazi. Nilikuwa namshonea sare muuguzi mmoja, akaniona nimegeuza kalenda ya ukutani kwa sababu mwezi ule ulikuwa na picha ya sarakasi. Akauliza, nikamwambia, hakucheka. Akanielekeza kwa mtaalamu wa saikolojia kwenye kliniki moja ndogo. Nilisita kwa muda mrefu, na kila mkazi wa Kampala anajua kwa nini. Hospitali ya Butabika imekuwa pale kando ya ziwa tangu 1955 ikiwahudumia watu, na nusu ya masihara ya mji huu yanaishia langoni kwake. Ukitaja daktari wa akili, atakayekusikia atauliza kama gari limekuja kukuchukua.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, aliyesoma Makerere, mwenye daftari la shule la kawaida. Nilitarajia aniulize kuhusu mama yangu. Aliniuliza kuhusu miguu yangu.

"Nyabo, ukimwona, miguu inaenda wapi?"

"Inaondoka."

"Na ukishaondoka, moyo unakuwaje?"

"Unatulia."

"Basi ndio hapo. Mwili wako umejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Haujawahi kupewa nafasi ya kuona kwamba ungekaa, usingekufa."

Aliniambia kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1924, Mary Cover Jones huko Marekani alimsaidia mtoto mmoja aliyeogopa sungura kwa kukisogeza kitundu cha sungura karibu kidogo kidogo, huku mtoto anakula chakula anachokipenda. Baadaye Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa daktari wa jeshi wakati wa vita kuu ya pili, aliipanga njia hiyo vizuri katika kitabu chake cha 1958: hofu ipangwe ngazi kwa ngazi, na mtu apande akiwa ametulizwa mwili. Wolpe ndiye pia aliyeleta kipimo cha sifuri hadi mia, ambapo mia ni hofu isiyovumilika kabisa. Nilikipenda kipimo hicho papo hapo. Mimi ni mtu wa futi ya fundi. Kitu kikipimika, naweza kukikata.

Ngazi yangu tuliiandika nyuma ya risiti za dukani kwangu. Chini kabisa lilikuwa neno lenyewe, kulitamka kwa sauti. Halafu mchoro wa mtoto, halafu picha, halafu video bila sauti, na kuendelea juu hadi mtu mzima mzima aliyevaa kila kitu. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, nipumue nje polepole kuliko ninavyovuta ndani. Pili, nisiondoke hofu ikiwa kileleni. Nikae hadi namba ishuke, angalau nusu, ndipo nisimame. Hili la pili ndilo lililobeba kazi yote, nalo ni gumu kuliko linavyosikika. Dakika za mwanzo mwili unakupigia kelele kwamba umefanya upumbavu. Kisha, bila wewe kufanya lolote, unachoka kupiga kelele.

Video zilinitesa kidogo kuliko nilivyodhani. Kilichonitesa ni pua. Aliitoa kwenye bahasha akaiweka mezani kati yetu: sponji nyekundu, ndogo kuliko yai, ina mkato nyuma wa kuingizia pua. Nikampa themanini. Tulikaa. Aliniambia nieleze ninachokiona kama fundi. Nikasema sponji ya bei rahisi, imekatwa vibaya, mkato umepinda kushoto, rangi haikufika hadi ndani. Nikaibonyeza. Hofu ilipofika arobaini niliomba kwenda na ile pua. Ilikaa kwenye droo ya uzi, karibu na bobini, na kila nilipobadilisha uzi mwekundu niliigusa. Kuna siku niliivaa mbele ya kioo cha wateja, mlango nimefunga kwa komeo. Nilionekana mtu mwenye mafua.

Halafu Kampala ikafanya yake. Nilikuwa bado sijafika juu ya ngazi, kijana akapanda hadi ghorofani kwangu na kitambaa cha satini ndani ya kaveera, mfuko mweusi wa plastiki. Ameelekezwa kwamba nashona vizuri kola zenye marinda, maana nimezoea gauni za watoto wa kipaimara. Anataka suti ya kipande kimoja, mguu mmoja mwekundu, mwingine wa bluu, kiuno kipana, mipira kwenye vifundo, na kola ya marinda matatu. Ni kwa ajili ya kazi, akasema. Anachekesha watoto kwenye sherehe.

Nilimtazama usoni. Kijana wa kawaida, mwembamba, chunusi mbili kidevuni, njaa machoni. Nikachukua futi nikampima, mkono ukinitetemeka kidogo kifuani kwake. Nikamwambia arubuni ni nusu.

Kushona nguo ile kulinifundisha zaidi ya picha zote. Huwezi kukiogopa sawasawa kitu ambacho umekisumbukia hivyo. Satini inateleza chini ya mguu wa cherehani, unaishikiza kwa pini nyingi, na bado mshono unakunja. Kola ilinila jioni nzima: marinda hayasimami bila kitambaa kigumu ndani, nikaifungua yote nikaanza upya. Nilipoitundika kwenye hanga, upepo wa dirishani ukaijaza, nikarudi nyuma hadi kwenye cherehani. Nikakaa. Nikahesabu pumzi. Nikaona mpira wa kifundo cha kulia umelegea, nikashuka kuurekebisha.

Mtaalamu aliposikia, alishauri nimuulize kijana kama angekubali kujipaka rangi mbele yangu. Nilimweleza ukweli, sikuzunguka. Nilitegemea dharau. Akasema, "Mama, nusu ya watoto wananililia. Nimezoea."

Alikuja jioni, wateja wameshaondoka. Akakaa kwenye stuli na kioo kidogo cha mkononi, kopo la rangi, sponji na poda. Mlango tuliuacha wazi. Alianzia kwenye paji la uso, nami nikamwomba aendelee kuzungumza, asinyamaze hata kidogo. Basi alizungumza: kuhusu teksi za Gayaza na nauli zinavyopanda mvua ikinyesha, kuhusu mzazi aliyemlipa kwa keki iliyobaki, kuhusu joto lililomo ndani ya wigi saa nane mchana. Weupe ukateremka hadi mashavuni. Themanini. Alipochora mdomo, ule mdomo mkubwa unaofika karibu na masikio, nikasema basi. Akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta, taratibu, na mdomo wake mwenyewe ukatokea chini, umekauka kwa kiu. Nikampa maji. Akauchora tena.

Mara hiyo nilimwangalia machoni badala ya mdomoni. Macho ya klauni hayapakwi. Yalikuwa yale yale yaliyobishana nami kuhusu bei. Yalikuwa yamechoka. Mdomo unacheka, macho yamechoka, sauti inaeleza namna ya kubadilisha teksi pale Kalerwe. Kwa mara ya kwanza vitu hivyo vitatu vilikaa katika mtu mmoja. Niliandika namba yangu kwenye risiti: thelathini na tano.

Alinifundisha pia jambo la ufundi wake. Klauni anayejua kazi hamfuati mtoto. Anapiga goti mbali, anafanya kosa dogo peke yake, anaangusha kofia, anaitafuta mahali ambapo haipo, na kumwacha mtoto aamue kama atakuja. Wale wanaoingia hospitalini, kazi ambayo Michael Christensen aliianzisha New York mwaka 1986, nimesoma kwamba husimama mlangoni na kuomba ruhusa ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kuingia. Mtoto hospitalini haombwi ruhusa na mtu mwingine yeyote, si wa sindano wala wa dawa. Hilo nimelifikiria sana.

Sherehe ya mdogo wa watoto wa kaka yangu nilibaki. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na masufuria, na klauni aliyekuja hakuwa kijana wangu, alikuwa mwingine, mnene, mwenye kelele. Moyo ulienda mbio, sitadanganya. Nilibaki hadi ukachoka. Wifi alinipitishia sahani ya pilau bila kusema kitu, kisha akanirudia na sahani ya pili. Mtoto mwenye siku yake alikuja akanishika kidole: "Senga, hukukimbia." Nikamwambia ale keki yake.

Sijawapenda klauni. Sinema ile siitazami tena, hata toleo jipya la 2017 ambalo vijana wa jengo letu walinishawishi, na usiku wa mvua kubwa bado siupendi mtaro. Mtaalamu anasema hakuna aliyenidai mapenzi.

Kijana amerudi na kitambaa kingine, cha njano. Suti ya kwanza mtoto mmoja wa Kololo ameimwagia soda, na sasa anataka kola inayotoka kwa vifungo ili iweze kufuliwa peke yake. Nikamwambia kola ya kutoka ni kazi mbili, bei inapanda. Akashika kifua kwa mikono miwili, akayumba, akaanguka chali katikati ya vipande vyangu vya vitambaa, ulimi nje, amekufa.

"Arubuni nusu," nikamwambia. "Na uamke, kuna mteja nyuma yako."